Roho ya Mdaiwa Haichezewi



Ndugu zangu katika imani, tangu Septemba 2021 tamthilia ya Kikorea iitwayo Squid Game imeingia majumbani mwetu, mara nyingi kupitia simu za watoto. Haitoshi kuwaambia wazime. Wanaipenda kwa sababu, na sababu yenyewe ni nzito: deni. Watu 456 waliokabwa na madeni wanaitwa kucheza michezo ya utotoni. Anayeshindwa anauawa, na kila anayekufa anaongeza won milioni 100 kwenye zawadi.

Baada ya mchezo wa kwanza wanapiga kura, wanaachiwa kwenda zao. Kisha wengi wanarudi kwa miguu yao wenyewe! Hapo mtunzi, Hwang Dong-hyuk, amesema kweli, maana deni lilikuwa likiwasubiri mlangoni. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akijikinga nalo kwa Mola wake ndani ya swala.

Lakini kuridhia kwao hakuhalalishi kitu. Kamari haiwi halali kwa kuwa wachezaji wamekubaliana, na roho ni amana, mtu hana haki ya kuiweka rehani. Surat al-Maida inaharamisha kamari katika aya ya 90, na katika aya ya 32 inatufundisha kuwa kuua nafsi moja pasipo haki ni kama kuwaua watu wote.

Mtazameni Ali, kibarua kutoka Pakistani, ambaye bosi wake amemzuilia mshahara kwa miezi. Katika mchezo wa kwanza anamdaka mwenzake kwa nguo asianguke, na kumnusuru. Kwenye mchezo wa gololi anamwamini mchezaji mwenzake, Sang-woo, anayemwita kaka. Sang-woo anamvisha kifuko shingoni, anamtuma akaangalie wengine. Ali anapokifungua anakuta vijiwe badala ya gololi zake. Msiba wake ulianza kwa mwajiri, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe kibarua kabla jasho lake halijakauka.

Aibu ya tamthilia hii ni kuyapamba mauaji: ngazi za rangi za peremende, majeneza yenye utepe wa waridi. Inawalaani matajiri wenye barakoa za wanyama wanaostarehe wakitazama watu wakifa, na wakati huohuo inatuketisha kando yao. Mwaka 2023 Netflix waliigeuza kuwa shindano la kweli, watu 456 wakigombea dola milioni 4.56. Hakuna aliyeuawa, lakini karipio limekuwa bidhaa. Nchini Ubelgiji shule moja ililazimika kuwaonya wazazi kwamba watoto wanauiga mchezo na kuwapiga walioshindwa. Wazazi, kaeni na wanenu muwaulize wameona nini. Msiwaachie simu iwalee.

Na wadaiwa wetu je? Surat at-Tawba, aya ya 60, imewapa fungu lao katika zaka. Waulizeni wasimamizi wa zaka msikitini ni wangapi wamo kwenye daftari lao. Mwenye kumdai ndugu aliyekwama, ampe muda kama tulivyoamrishwa katika Surat al-Baqara, aya ya 280, na akiweza kusamehe ni bora kwake. Mwenye mshahara wa kibarua mkononi, amlipe leo.