Mashaka Hula Moyo

Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliondoka kazini Gécamines. Hata leo, baba wa Kamalondo akikosa mshahara na karo ya watoto, halali usingizi. Juu ya mafigo yake ziko tezi mbili ndogo; mtu akihofu, hutia adrenalini na kortisoli katika damu. Moyo hupiga mbio, mishipa hukazika. Kwa saa moja si neno: ndivyo Mungu alivyomwumba mtu apate kumkimbia simba. Lakini kwa miezi mingi shinikizo la damu huweza kupanda, na moyo huchoka.

Siku akianguka ghafula, jamaa humtafuta mchawi, na bibi mzee asiye na kosa hufukuzwa! Afadhali wangalimpeleka mapema zahanati, apimwe shinikizo hilo. Wala asiitwe mwenye imani haba: Bwana Yesu mwenyewe alihangaika Getsemani, akawaomba rafiki watatu wakeshe naye.