Nyumba ya Amana na Msaada wa Maskini



Ndugu zetu waliohamia Marekani wametuletea swali gumu. Huko kuna msaada wa matibabu wa serikali uitwao Medicaid, ulioanzishwa mwaka 1965 kwa watu wenye kipato kidogo. Katika majimbo mengi, mlemavu huupata akiwa na mali isiyozidi dola 2,000. Nyumba anamoishi kwa kawaida haihesabiwi, lakini ikiuzwa, fedha zake zinahesabiwa.

Sasa mtu mwema akitaka kumpa mlemavu nyumba, sheria inamruhusu kuiweka mikononi mwa mdhamini. Mlemavu anakaa humo, ila hawezi kuiuza. Matibabu yanaendelea. Je, huyu bado ni maskini, au amejificha nyuma ya karatasi?

Tusiharakishe kuhukumu. Hata hapa kambini, siku ya uhakiki, tumeona mbuzi wakipelekwa kwa jirani, na jina la aliyeondoka likibaki kwenye kadi ya chakula.

Anania na Safira hawakuhukumiwa kwa kuwa na shamba. Walihukumiwa kwa uongo. Basi nyumba iliyotolewa na mwingine, ikaandikwa wazi, na ofisi ikaambiwa, si uongo. Nyumba hailiwi, wala paa halimlipi daktari. Lakini mwenye nyumba yake akiigawa ili aonekane hana kitu, hilo ni jambo jingine. Hata sheria ya huko, mtu akiomba kulipiwa matunzo katika nyumba ya wazee, huangalia alichogawa miaka 5 iliyopita.

Mzigo mkubwa uko kwa mdhamini. Akiipangisha nyumba na kula kodi, amemwibia asiyeweza kujitetea. Sisi tulipokimbia, wengi tuliacha nyumba na mashamba mikononi mwa majirani. Tunajua uchungu wa kuulizia amana na kukuta imegeuka mali ya mtu.

Kwa hiyo tunawajibu ndugu zetu: ipokeeni nyumba kwa shukrani, mchagueni mdhamini anayemcha Mungu, na mkiulizwa ofisini semeni yote. Kitu mnachoogopa kukitaja ndicho kitakachowahukumu.

Na sisi huku, tuanze na kadi zetu wenyewe.

Bwana awabariki.