Je, Uwongo Waweza Kuzaa Wema?

Ndugu wakatekumeni, katika mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, manowari moja ya Kanada, jina lake Cayuga, ilikuwa ikitembea karibu na pwani ya nchi ile. Wakaletwa majeruhi Wakorea, miongoni mwao watu waliopigwa risasi. Katika manowari alikuwamo mganga mmoja tu. Akawapasua, akatoa risasi, akafunga vidonda; na masimulizi ya siku zile yasema ya kuwa wale aliowatibu walipona. Mabaharia wakamstaajabia sana, hata habari zake zikaandikwa katika magazeti ya Kanada.

Habari hizo zikafika nyumbani kwa mganga mwingine, mwenye jina lile lile na vyeti vile vile, ambaye hakukanyaga Korea hata siku moja. Ndipo ikajulikana ya kwamba yule wa manowarini hakuwa mganga kabisa. Jina lake la kweli lilikuwa Ferdinand Waldo Demara, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1921 katika mji wa Lawrence, Massachusetts. Alijuana na yule mganga wa kweli alipokuwa akikaa katika nyumba ya Mafrere wafundishao shule, naye akachukua vyeti vya rafiki yake na jina lake pia.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika ujana wake alitoroka kwa wazazi akaingia kwa wamonaki Watrapisti, asidumu. Akawa askari, akatoroka. Akawa baharia, akatoroka tena, akiacha alama ili watu wadhani amejiua. Akafundisha katika chuo kikubwa kwa jina la mtu mwingine. Serikali ya Kanada haikumpeleka mbele ya hakimu, ilimrudisha kwao tu. Naye baadaye akapata kazi ya kusimamia wafungwa katika Texas kwa jina jingine, kisha akawa mwalimu wa watoto katika kisiwa kimoja cha Maine, kwa jina jingine tena. Mwaka 1959 Robert Crichton aliandika kitabu cha maisha yake, na mwaka 1961 ikatolewa sinema iitwayo The Great Impostor, yaani Mdanganyifu Mkuu. Aliyeiongoza ni Robert Mulligan, na mwigizaji Tony Curtis ndiye aliyejifanya Demara.

Sinema ile ni ya kuchekesha. Mtazamaji hucheka, kisha humpenda mdanganyifu, kisha hutamani asikamatwe. Na atokapo nje hubaki na swali moja moyoni, ambalo lastahili kujibiwa polepole: ikiwa wagonjwa walipona, je, uwongo ule ulikuwa na ubaya gani?

Wako wanaomtetea, wala maneno yao si ya kutupwa. Wasema: Cheti ni karatasi. Wako wenye vyeti walio wavivu na wakatili, na mgonjwa aliyelala na risasi karibu na moyo haulizi karatasi, anauliza mkono wa kumwokoa. Demara alikuwa na mkono huo, na akili ya kujifunza upesi, na ushujaa. Ni kweli. Asiyekubali kwamba alikuwa na vipaji hasemi haki juu yake.

Lakini fikirini jambo moja ambalo sinema hulipita upesi. Kwa nini siku ile hapakuwa na mganga wa kweli katika manowari? Ni kwa sababu mahali pa mganga palikuwa pamekwisha kukaliwa. Kama Demara asingaliketi katika kiti kile, wakubwa wa jeshi wangalimtafuta mtu mwingine, aliyefundishwa miaka mingi kazi ya kupasua watu. Basi shida ile ambayo yeye aliiondoa kwa ushujaa, ni yeye mwenyewe aliyeileta kwa uwongo. Mtu akiuondoa mtumbwi wa kijiji usiku, kisha asubuhi akawavusha watu mgongoni mwake huku akiogelea, watu watasifu nguvu zake. Walakini mwenye hekima atauliza mtumbwi uko wapi.

Tena fikirini habari ya wale majeruhi. Mgonjwa anayekubali kupasuliwa hutoa kitu kikubwa kuliko fedha: hutoa mwili wake, akiwa hana nguvu, mikononi mwa mtu asiyemjua. Hutoa kwa sababu anaamini kwamba nyuma ya mtu yule iko miaka ya masomo, na walimu waliomjaribu, na wakubwa waliomshuhudia. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Wakorea wale waliamini hayo, na hayakuwapo. Walipona, lakini kupona kwao hakuonyeshi kwamba walitendewa haki, kama vile mtoto aliyevuka mto wenye mamba akafika salama hatuonyeshi kwamba mto ule hauna mamba. Kama mmoja wao angalikufa, angalikufa pasipo kujua kwamba alidanganywa. Mtu awezaye kumweka mwenzake katika hatari hiyo bila kumwuliza, amekwisha kumfanya chombo cha sifa zake, hata kama anamwonea huruma.

Labda mmoja wenu atauliza: Je, basi, asiye na cheti amwache mtu afe? Hasha. Ikiwa mtu amejeruhiwa porini, na mganga yuko mbali, naye jirani anajua kidogo kufunga kidonda, afanye upesi awezavyo. Lakini aseme: “Ndugu yangu, mimi si mganga, hapana mwingine, je, nijaribu?” Mikono ni ile ile, kisu ni kile kile, hatari ni ile ile. Kilichoongezeka ni ukweli tu, na ukweli huo wamrudishia mgonjwa heshima yake, maana sasa anachagua yeye mwenyewe. Hapa ndipo inapoonekana wazi kwamba wema haukuuhitaji uwongo. Aliyeuhitaji alikuwa Demara, kwa ajili ya kile kiti.

Mtakatifu Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uwongo, akafundisha ya kuwa uwongo haupasi hata kwa kumfaa mtu. Wengi huliona neno hilo kuwa kali mno. Walakini mkitazama maisha ya Demara mtafahamu sababu yake. Kila uwongo wake ulikuwa na nia njema kando yake: kufundisha, kuponya, kusali. Na kila mara uwongo uliila ile nia njema, maana siku ya kugunduliwa ilipofika ilimlazimu kukimbia, akawaacha wanafunzi, akawaacha wagonjwa, akawaacha rafiki. Njia ya mwongo ni fupi, hata iwe imenyoka namna gani.

Tena iko hasara nyingine, isiyoonekana katika sinema. Mabaharia walipomshukuru, walimshukuru nani? Walitaja jina la mtu aliyekuwa Kanada akiwatibu wagonjwa wake. Sifa zote zilikwenda kwa jina lile, na Demara alisimama kando kama mtu asikiaye mwenzake akisifiwa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mtu anayejificha nyuma ya jina la mwingine hawezi kupendwa, kwa kuwa hayupo mahali pale ambapo upendo unafika.

Neno hili lawahusu ninyi hasa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliamuru zamani wanaotaka Ubatizo wafundishwe miaka 4. Wengi waliona ni muda mrefu, na mkatekumeni achokaye kungoja huanza kujiuliza kama haiwezekani kujibu maswali kwa midomo tu, kusujudu pamoja na wengine, na kulipata jina mapema. Demara hakukosa akili wala moyo. Alikosa subira ya kuwa kwanza kile alichotaka kuitwa. Jina la Ubatizo nalo ni jina la mtu mwingine, la mtakatifu. Lakini halichukuliwi sandukuni usiku. Hutolewa mchana, mbele ya watu, nanyi mnaitwa mkiwa mnajulikana ninyi ni nani na mmetoka wapi.

Miaka ya mwisho ya Demara ilikuwa katika mji wa Anaheim, California. Huko aliwatembelea wagonjwa hospitalini, akiwafariji na kusali pamoja nao, mpaka alipokufa tarehe 7 Juni 1982. Hakushika tena kisu cha mganga. Aliketi tu kando ya kitanda. Kazi hiyo ndogo angaliweza kuianza tangu ujana wake, pasipo kumwibia mtu yeyote jina lake.