Sisi Nasi ni Waajiri

Kila Mei Mosi watu huvaa fulana za vyama vyao vya wafanyakazi, wakaenda uwanjani na kuinua mabango ya kudai nyongeza ya mshahara. Madai yao ni ya haki. Ila fulana ile imepigwa pasi na nani? Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam imepigwa pasi na binti aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, na sikukuu ya wafanyakazi kwake ni siku ya pilau, maana baba atarudi na wageni.

Ofisini tunajua sana kuhesabu. Tunajua tumebakiza siku ngapi za likizo, posho ipi imecheleweshwa, na bosi alitufokea mbele ya nani. Tukivuka kizingiti cha nyumbani, hesabu inakoma. Huku bosi ni sisi.

Mwajiri wa nyumbani ana jibu analolipenda: huyu kwangu ni kama mwanangu. Wapo wanaosema hivyo kwa moyo mweupe. Lakini mwanao halali jikoni. Akivunja chupa ya chai unagomba yanaisha, humdai bei yake. Akipata ujauzito hufungi mabegi yake usiku uleule. Undugu huu una tabia ya kujitokeza kazi inapoongezeka na kupotea tarehe ya mshahara inapofika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha dada wa kazi nje. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na kila wiki kuna mapumziko ya saa 24 mfululizo. Sasa mchukue binti wetu aliyeamka saa kumi na moja, akalala saa nne usiku. Hizo ni saa 17. Tutoe tano za kula, kuoga na kutazama tamthilia na watoto, na hapo nimekuwa mkarimu. Zinabaki 12, kwa siku saba ni 84. Nani kati yetu angekubali ratiba hiyo kwa mwajiri wake?

Mshahara nao una vituko vyake. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa anayekuja asubuhi na kurudi kwake. Zilikuwa fedha ndogo, lakini hata hizo kuna wasiozishika. “Namtunzia,” anasema mama mwenye nyumba, “atazikuta akienda kwao Desemba.” Desemba ikifika zinakatwa glasi, sahani, dawa za malaria na ile kandambili aliyonunuliwa Juni. Sheria hairuhusu hivyo. Kumkata mfanyakazi kwa sababu ya kitu alichovunja kuna masharti: apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake.

Na nauli? Mkataba ukiisha, anayepaswa kumrudisha alikochukuliwa, au kulipa gharama hiyo, ni aliyemwajiri. Hata hivyo Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis haikosi binti aliyekalia begi lake akipiga simu kwa shangazi, kwa sababu mama kaamua tu asubuhi kwamba hamtaki tena.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasi za kusafiria kushikiliwa, saa zisizo na mwisho, mishahara isiyolipwa. Habari za namna hiyo hutukasirisha, na ni halali yetu kukasirika. Ila kitambulisho cha binti wa kazi aliyetoka Singida kimefungiwa kabatini kwa nani?

Najua kuna atakayeniuliza: mimi mwenyewe ni mwalimu, mshahara unaishia tarehe kumi, hizo fedha nizitoe wapi? Hoja hiyo siipuuzi. Bila dada nyumbani, wanawake wengi wasingeweza kwenda kazini, na vituo vya bei nafuu vya kulelea watoto ni vya kutafuta kwa tochi. Hilo ni deni la serikali na la waajiri wetu wakubwa. Lakini kumlipa kidogo na kutomlipa ni mambo mawili, na mengi anayokosa hayahitaji hata senti. Kumwacha alale watoto wakilala ni bure. Kumwandikia karatasi yenye kazi yake, saa zake, mshahara na tarehe ya kulipwa, ukamsomea kama kusoma kunamsumbua, ni bure, tena sheria inakutaka ufanye hivyo. Nakala moja ingebaki kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, maana si rahisi afisa kazi kufika sebuleni kwako. Fedha ziende kwenye laini yake mwenyewe. Kama hana namba ya NIDA ya kusajilia laini, uliza kwa nini. Pengine utagundua hajafika miaka 18, na hapo una swali kubwa zaidi la kujibu.

Kwetu Jumapili ni siku ya dada. Akishakunywa chai anaondoka, na chakula tunapika wenyewe, kibaya kidogo. Watoto wanaosha vyombo wakinung’unika. Jirani yangu mmoja hili halimwingii akilini. Kila tukikutana getini ananiuliza huyo binti namruhusu aende wapi siku nzima. Namjibu kwamba bosi wangu naye hajawahi kuniuliza Jumapili nilikuwa wapi.