Juu ya Kumwona Papa Mbali na Bahari

Mtu aliyezaliwa bara huijua bahari kwa masimulizi kabla ya kuijua kwa macho, na wengine wetu hufa bila ya kuijua kwa njia nyingine. Mimi nilizaliwa Tabora, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka pwani, na papa wa kwanza niliyemwona alikuwa mkavu. Alikuwa vipande vipande juu ya gunia sokoni, rangi yake kama ya kiatu kilichonyeshewa kikaanikwa, na harufu yake ilinifikia kabla macho hayajamfikia. Nilimwuliza bibi yangu, "Bibi, mnyama gani huyu?" Akanijibu, "Si mnyama, mjukuu wangu. Huyu ni papa. Akiwa mzima baharini huushinda mtumbwi kwa ukubwa." Nilivitazama vile vipande, nikajaribu kuviunga katika mawazo yangu vipate kuwa kiumbe chenye kichwa na mkia, nikashindwa. Tangu siku ile nikawa na hamu ya kumwona papa mzima. Hamu hiyo, baada ya miaka mingi, ndiyo iliyonifikisha katika swali ninalotaka kulipima hapa: je, mtu akaaye mbali na bahari ana haki ya kumwona papa? Na kama anayo, ni nani apaswaye kulipa gharama yake?

Yamkini msomaji ataona kuwa swali hili ni la mchezo. Kuona ni kitu chepesi. Hakipunguzi kinachoonwa, wala hakimnyang'anyi mtu mali. Wazee walisema kuwa macho hayana pazia, na methali hiyo hutumiwa sana kumwondolea mtazamaji lawama. Lakini nadhani methali yenyewe yanena juu ya jicho lililokutana na jambo njiani. Hainenei jicho lililoketi mahali pake, likaagiza jambo liletwe mbele yake kutoka upande wa pili wa dunia. Jicho la namna hiyo lina mikono mirefu, na mikono hiyo ndiyo tunayotaka kuitazama.

Kwanza niseme kuwa papa mwenyewe ameonekana bara mara nyingine bila ya kuagizwa na mtu. Iko aina moja ya papa ambayo mwili wake huweza kuyastahimili maji matamu, na papa wa aina hiyo huingia mitoni na kwenda mbali sana. Mto Zambezi wawajua. Katika mwaka 1937 wavuvi wawili wa mji wa Alton, katika jimbo la Illinois huko Marekani, walimnasa mmoja katika mto Mississippi, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka mlango wa mto ule. Watu walikwenda kumtazama kwa wingi, na walikuwapo waliodhani kuwa ni mzaha wa wavuvi. Wataalamu waliochunguza habari hizo katika siku zetu waliona kuwa safari ile yawezekana kabisa. Basi papa yule alikwenda bara kwa mapezi yake. Mauti yake sitayasifu, lakini safari ilikuwa yake.

Habari ya mji wa Atlanta ni nyingine. Mji huo uko katika jimbo la Georgia, kiasi cha kilomita 400 kutoka bahari ya Atlantiki kwa barabara. Katika mwaka 2005 lilifunguliwa huko jumba kubwa la samaki, ambalo sehemu kubwa ya gharama yake ilitolewa na tajiri mmoja, Bernard Marcus, aliyepata mali yake katika biashara ya vifaa vya ujenzi. Alitaka kuupa mji ule zawadi, na zawadi aliyoichagua kwa watu wasio na bahari ilikuwa bahari. Hodhi kubwa kuliko yote lilitengenezwa kuchukua zaidi ya lita milioni 20 za maji. Na kwa kuwa maji ya chumvi hayakuwa karibu, maji ya mji yalichanganywa na chumvi mpaka yakawa mfano wa maji ya bahari. Ndani yake waliwekwa papa wa aina iliyo kubwa kupita samaki wote waishio leo: yule ambaye watu wa Mafia humwita potwe, na wengine wa pwani humwita papa shilingi kwa ajili ya madoa yaliyotapakaa mgongoni mwake kama sarafu. Potwe hali watu. Hula viumbe vidogo vielavyo majini, mayai ya samaki na dagaa, na kinywa chake kipana hukifungua kama mlango wa ghala. Huweza kusafiri maelfu ya kilomita, na imepimwa kuwa aweza kuzama zaidi ya mita 1,900 chini ya uso wa bahari.

Potwe wawili wa kwanza walitoka Taiwan, wakapakiwa katika ndege na kuvushwa juu ya bahari ambayo wangaliweza kuiogelea wenyewe kama wangalitaka. Walipewa majina ya Ralph na Norton, kwa kufuata watu wawili wa mchezo wa kuchekesha wa televisheni. Maji yao yalitiwa dawa ya kuua vimelea, hamu yao ya kula ikapotea, wakawa wakilishwa kwa mrija. Ralph alikufa Januari 2007, na Norton akamfuata Juni mwaka ule ule. Dawa ile iliachwa. Lakini kabla ya mwezi ule wa Juni kwisha walikuwa wamekwisha kuletwa potwe wengine wawili kutoka bahari ile ile ya Taiwan.

Sipendi kuwahukumu watu wa jumba lile kana kwamba walikuwa wakatili. Wana hoja, na hoja yao ya kwanza ni nzito. Wakati ule uvuvi wa potwe ulikuwa halali katika Taiwan kwa idadi iliyowekwa kila mwaka, na nyama yake laini na nyeupe ilikuwa ikiuzwa na kuliwa. Samaki waliokwenda Atlanta walitoka katika idadi hiyo hiyo. Kama wasingalinunuliwa kwa kuonwa, wangalinunuliwa kwa kuliwa. Taiwan iliupiga marufuku uvuvi huo tangu mwaka 2008, na baada ya hapo hoja hii haikuweza kutumika tena. Lakini kwa wale waliochukuliwa kabla, ilikuwa kweli. Nilipoisikia mara ya kwanza ilininyamazisha. Baadaye nikaona kasoro yake. Mtu akimwopoa mwenziwe katika mto wenye mamba amemfanyia wema usiolipika. Hata hivyo wema huo haumpi ruhusa ya kumfungia yule aliyeokoka chumbani na kuwatoza jirani kiingilio wapate kumtazama. Kuokoa ni jambo moja na kumiliki ni jambo lingine. Mwokozi aliyekuwa na nguvu za kumvusha samaki wa mita kadhaa juu ya bahari ya Pasifiki hakosi nguvu za kumwachia palepale alipomtoa.

Hoja ya pili yasikika kila mahali, nayo ni kwamba mtu hulinda akipendacho, na hupenda akijuacho, na hawezi kukijua asichokiona. Kwa hivi papa wachache wakikaa nyuma ya kioo, maelfu ya papa baharini watapata watetezi. Hapana shaka papa wanahitaji watetezi. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kuwa papa wapatao milioni 100 huuawa na wanadamu kila mwaka, na tangu mwaka 2016 potwe amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Tena twajua madhara ya kumjua papa kwa njia mbaya. Filamu ya *Jaws* ya mwaka 1975 iliwatia hofu ya papa hata watu ambao hawajapata kulowesha miguu yao katika maji ya chumvi. Na Peter Benchley, aliyetunga kitabu kilichozaa filamu hiyo, alitumia miaka yake ya mwisho kuwatetea samaki aliowatia ubaya jina lao. Picha ya uongo iliwadhuru papa. Si ajabu watu wakitumaini kuwa papa wa kweli atawaponya wenziwe.

Nami nalikwenda. Safari ya masomo ilinifikisha Atlanta, nikalipa kiingilio kama wengine, nikasimama mbele ya kioo kirefu kuliko nyumba niliyozaliwa. Potwe alipita. Sitasema kuwa sikufurahi, maana nitakuwa mwongo: vile vipande vya gunia la Tabora viliungana mwisho, nikaona mkia, nikaona kichwa kipana, nikaona lile jicho dogo. Machozi yalinilenga. Akapita, akaenda zake, na baada ya dakika chache akapita tena. Mara ya tatu nilianza kuhesabu. Kando yangu alisimama mtoto mmoja na baba yake, naye akauliza, "Baba, anakwenda wapi?" Baba yake alifikiri kidogo akamwambia, "Anazunguka tu."

Neno lile halijanitoka. Mtoto alikuwa ameuliza jambo ambalo mtu awezaye kumwona papa baharini asingaliliuliza bure, kwa kuwa papa wa baharini ana mahali anakokwenda. Methali yasema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tulikuwa tumefika mbele ya samaki, lakini maji yake hatukuyafika. Na samaki aliyeondolewa wingi wa maji yake ameondolewa na sehemu ya usamaki wake. Tulimwona potwe kama vile mtu amwonavyo msafiri aliyefungwa miguu: umbo lote lipo, safari haipo.

Wako papa ambao mwili wao umelikataa jambo hili waziwazi. Yule mkubwa mweupe, ambaye filamu ilimtia ubaya, amejaribiwa kufugwa mara nyingi. Katika jumba la Monterey, huko California, mchanga mmoja alikaa siku 198 tangu Septemba 2004, akawaua papa wawili wengine, akarudishwa baharini. Huko Okinawa, Japani, mwaka 2016, mmoja wa mita tatu na nusu alikufa siku tatu baada ya kuonyeshwa. Potwe ni mvumilivu zaidi. Lakini uvumilivu wa aliyefungwa haujapata kuwa hati ya kumfunga.

Narudi kwenye ile hoja ya pili, kwa sababu huko ndiko shina la jambo lilipo. Inasemwa kuwa hatuwezi kukifanyia haki tusichokiona. Nasema kuwa tukikubali neno hili tumeibomoa haki yenyewe. Kadhi agawaye urithi humwekea fungu mtoto aliye bado tumboni, ambaye hapana aliyemwona. Mtu aliyeachiwa amana na msafiri huitunza miaka kumi, na sura ya mwenyewe imekwisha kufutika katika kumbukumbu yake. Hakimu asiyeweza kutoa haki mpaka kwanza ampende mdai twamwita hakimu mbaya. Huruma ndiyo inayohitaji macho, na huo ndio upungufu wa huruma: humfuata aliye karibu, mzuri, mwenye jina. Ralph na Norton walipata huruma ya watu wengi. Wale milioni 100 hawakuwa na majina. Kama twataka papa wadumu, yatupasa tujifunze kuwatendea haki bila ya kuwaona, kama watu wa pwani wapaswavyo kuitendea haki misitu ya bara ambayo hawajaikanyaga.

Hapa nitapingwa, na mwenye kunipinga atakuwa na haki. Ataniambia, "Wewe umekwisha kuona, sasa wawafungia wenzako mlango. Mwenye fedha atakwenda Mafia. Maskini wa Tabora atakwenda wapi?" Ni kweli, na jawabu langu halitamridhisha. Nitasema tu kwamba yule mtoto wa Tabora hakufaidiwa na hodhi la Atlanta hata siku moja, na kwamba si kila kunyimwa ni dhuluma. Ziko picha nzuri za sinema zilizopigwa baharini penyewe, zionyeshazo papa akienda anakokwenda, nazo humfikia mtu kwa bei ya chini. Atakosa ule mshindo wa moyo nilioupata mbele ya kioo. Ninajua anachokikosa, nami sikirudishi nilichokipata. Ni haya yangu, naichukua.

Miaka miwili baadaye nilikwenda Mafia. Potwe huonekana karibu na Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Machi, wakifuata chakula chao karibu na pwani, na wageni huchukuliwa mashuani kwenda kuwatafuta. Nilitoka siku tatu mfululizo na nahodha mmoja mtu mzima, nikimwita Mzee kama wafanyavyo vijana wake. Tuliona pomboo, tukaona ndege wakiuchokoa uso wa maji, tukaona kivuli ambacho kijana wetu aliapa kuwa ndicho, kisha kikawa mwani. Siku ya tatu jua lilipopanda nilimwuliza, "Mzee, mbona haonekani?" Akaigeuza mashua kuelekea nchi kavu, akasema, "Leo hakutaka, mwanangu. Njoo mwakani."

Moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotazamia. Yule wa Atlanta hakupata kuwa na siku ya kutotaka.

Nilipofika Tabora bibi aliniuliza kama nilimwona. Nikamwambia sikumwona. Akatazama mizigo yangu kwa muda, akaniuliza kama basi angalau nilimletea papa mkavu.