Huruma na Kweli katika Ofisi ya Wakili

Wahenga walisema: Mwenye kovu usidhani kapoa. Ni wachache waijuao maana ya methali hii kama karani wa wakili ashughulikiaye madai ya fidia za watu walioumia. Wakili husimama mahakamani. Lakini karani aghalabu ndiye wa kwanza kumpokea majeruhi, kuandika maelezo yake, na kukusanya fomu ya P3, ripoti ya daktari na stakabadhi za dawa.

Sasa, ewe msomaji, jiweke katika kiti cha karani huyo. Mbele yako ameketi mchukuzi wa sokoni, mtu mzima, aliyevunjika mkono matatu ilipopinduka. Ujira wake ulikuwa shilingi 500 kwa siku. Ana watoto wanne, na kodi ya nyumba haijalipwa. Anakunong'oneza: "Mwanangu, andika 1,000. Bima ina fedha nyingi, nani ataumia?" Utafanyaje?

Usiharakishe kujibu. Moyo usiomsikitikia mtu huyu si moyo wa kusifiwa. Hakuyataka maumivu yake, wala hapana hukumu iwezayo kumrudishia mkono kama ulivyokuwa. Kwa hiyo uongo mdogo waonekana kama sadaka.

Lakini tazama mbele. Siku ya kesi ataapa, na wakili wa upande wa pili atamhoji. Akidhihirika kuwa amedanganya juu ya ujira, nani atamsadiki juu ya maumivu? Njia ya mwongo ni fupi, na aghalabu kweli iliyofuatana naye huangamia pamoja naye. Na asipogunduliwa je? Fedha za bima hazikuota kama uyoga. Hutoka katika malipo ya wenye magari, na mwenye matatu huyatafuta malipo hayo katika nauli. Basi atakayeumia ni mchukuzi mwingine, apandaye gari alfajiri kwenda sokoni.

Je, karani amwache mnyonge na shida zake? Hasha! Huruma ina kazi yake, nayo ni nzito kuliko kubadili tarakimu. Mchukuzi hana hati ya ujira. Basi na atafutwe mwenye duka aliyekuwa akimlipa, aje kushuhudia. Tena siku na zihesabiwe, maana kwa kawaida sheria ya Kenya humpa aliyeumia kwa uzembe wa mwingine miaka 3 tu ya kufungua kesi. Karani aliyeliacha faili lilale hata muda ukapita hakutamka uongo hata mmoja, lakini amemnyang'anya mtu haki yake.

Naam, kusema kweli peke yake hakutoshi, kama vile kusikitika peke yake kusivyotosha. Mjibu mzee huyo hivi: "Mzee wangu, nitaandika 500, kwa kuwa ndizo ulizolipwa. Lakini kesho asubuhi tutakwenda sokoni pamoja, unionyeshe shahidi wako."