Macho, Miwani na Utu Uzima

Mtu afikapo miaka 40 au kuipita kidogo, huanza kupatwa na jambo ambalo wazazi wake walipatwa nalo kabla yake. Barua aliyoletewa huisoma kwa kuunyosha mkono. Uzi hukataa kuingia katika tundu la sindano. Maandishi madogo ya chupa ya dawa humlazimu kumwita mtoto amsomee. Zamani shauri lilikuwa moja tu, kununua miwani. Siku hizi kuna shauri la pili. Katika baadhi ya miji mikubwa wako madaktari wanaorekebisha jicho lenyewe kwa mwanga wa leza, na watu wa makamo wenye kipato huuliza kama yafaa nao waende. Wengine huenda kwa siri. Wengine huogopa, kana kwamba ni dhambi. Sisi twaona kwamba swali hili lastahili kujibiwa kwa utulivu, maana lahusu mwili, fedha ya nyumba, na namna mtu anavyoupokea umri wake.

Kwanza yatupasa kulijua jambo lenyewe, kwa kuwa hakuna uamuzi mwema juu ya kitu kisichojulikana. Mwaka 1981 wataalamu watatu wa kampuni ya IBM huko Marekani, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, waligundua kwamba aina moja ya leza yaweza kuchonga nyama ya kiumbe bila kuunguza pembeni. Walilijaribu jambo hilo juu ya mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel, akishirikiana na Srinivasan, alionyesha kwamba mwanga huo waweza kuchonga konea, yaani kile kioo kiangavu kilicho mbele ya jicho. Na mwaka 1995 serikali ya Marekani iliruhusu utumike kuwatibu watu wasioona mbali. Katika njia ijulikanayo zaidi, iitwayo LASIK, daktari hukata utando mwembamba juu ya konea na kuufunua kama jalada la kitabu. Leza huchonga sehemu iliyo chini yake kwa muda mfupi. Kisha utando hurudishwa mahali pake. Konea katikati yake ina unene wa nusu milimita hivi. Kilichochongwa hapo hakirudi tena.

Pili, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kutoona mbali hutokana na umbo la jicho, na umbo hilo huweza kusahihishwa kwa kuchonga konea. Lakini kule kushindwa kusoma kunakoanza baada ya miaka 40 kuna asili nyingine. Ndani ya jicho imo lenzi, ambayo katika ujana ni laini na hujibadili umbo ili tuone karibu na mbali. Mwaka hata mwaka lenzi hiyo hukakamaa. Leza ichongayo konea hailainishi lenzi. Huu ni umri, na umri hauchongwi.

Tutoe mfano ili jambo lieleweke. Mtumishi wa ofisi mwenye miaka 46, ambaye haoni mbali kwa kadiri ya diopta 3, huvua miwani yake na kusoma gazeti vizuri, akilishika sentimita 33 kutoka usoni. Huenda hajawahi kuihesabu hiyo kuwa neema. Akifanyiwa upasuaji wa kumwezesha kuona mbali kwa macho yote mawili, ataendesha gari bila miwani, naye atafurahi. Jioni yake akifungua kitabu atakuta herufi zimemkimbia, na itambidi anunue miwani ya kusomea. Ametoa miwani ya barabarani, akapokea miwani ya mezani. Kama alielezwa hivyo na akaridhika, hakudhulumiwa. Kama hakuelezwa, alinunua kitu asichokijua.

Kuna njia ya kati. Daktari huweza kulitengeneza jicho moja lione mbali, na la pili aliache lione karibu, na ubongo hujifunza kuchagua. Wako wanaozoea upesi. Wako pia wasiozoea kamwe, hasa wanapoendesha gari usiku au wanapofanya kazi ya kupima kwa jicho. Ndiyo maana madaktari wenye busara humvalisha mtu kwanza lenzi ndogo za kuweka juu ya macho, aishi nazo siku kadhaa, kabla ya kumgusa kwa leza. Hilo ni jaribio linaloweza kufutwa, upasuaji haufutiki.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba wengi waliotibiwa hivyo wameridhika. Lakini haki hiyohiyo yatutaka tutaje madhara. Macho huweza kukauka na kuwasha, na usiku taa huweza kuonekana zikizungukwa na miduara ya mwanga. Kwa wengi mambo hayo hupungua baada ya miezi. Kwa wachache hudumu. Mwenye konea nyembamba mno, au inayochongoka, hafai kabisa kutibiwa kwa njia hii. Wala leza haizuii mtoto wa jicho, ambaye huwafikia wengi uzeeni. Na siku hiyo ikifika, vipimo vya jicho vilivyochukuliwa kabla ya leza vitahitajika sana ili daktari akadirie vema lenzi mpya. Basi mtu azihifadhi karatasi zake.

Sasa tuje kwenye dhamiri. Wako wanaosema kwamba kuyarekebisha macho ni kumkosoa Muumba, na kwamba mtu avumilie alivyo. Hatukubaliani nao. Kama hoja hiyo ingekuwa kweli, hata miwani ingekuwa haramu. Kumbe miwani yenyewe ilikuwa jambo geni siku moja. Padre Giordano wa Pisa, mtawa Mdominiko, akihubiri mjini Florence mwaka 1306, alisema kwamba ilikuwa haijatimia miaka 20 tangu ufundi wa kutengeneza miwani uvumbuliwe, naye aliusifu kuwa miongoni mwa fundi zilizo bora na za lazima. Akili iliyotengeneza miwani na akili iliyotengeneza leza ni akili ileile tuliyopewa ili tuitumie.

Wala Kanisa halikunyamaza juu ya upasuaji usio wa kuokoa maisha. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku chache kabla ya kufa kwake, Papa Pius XII alizungumza na madaktari wa Italia wanaofanya upasuaji wa kurekebisha sura. Hakuulaani upasuaji wa namna hiyo, aliuwekea masharti. Nia iwe njema, afya isiingizwe katika hatari kubwa, na sababu iwe na uzito unaolingana na njia inayotumika. Twaona kwamba mizani hiyo yafaa kabisa kupimia jambo letu.

Tupime basi nia. Mpishi ambaye miwani yake hufunikwa na mvuke mchana kutwa, mzimamoto asiyeweza kuivaa kazini, mtu ambaye bila miwani hawezi hata kuuona mlango wa nyumba yake usiku: hawa wanatafuta kuona, na hamu ya kuona ni njema. Lakini yupo pia mtu ambaye akijitazama katika kioo huchukizwa na miwani kwa sababu yasema ukweli kuhusu miaka yake. Hataki vijana wa ofisini wajue kwamba amepita 45. Huyu hatafuti kuona. Anatafuta kutoonekana alivyo. Hatumcheki, maana hofu ya kuzeeka imo katika kila moyo. Lakini twamwambia kwa upole kwamba daktari wa macho hana dawa ya hofu hiyo. Atatoka hospitali anaona mbali vizuri zaidi, naye atauona uzee wake vizuri zaidi vilevile.

Tupime na fedha. Upasuaji huu ni ghali, na fedha ya mtu mwenye jamaa si yake peke yake. Katika umri huo ndipo watoto wako katika shule za gharama kubwa, na wazazi wazee huhitaji matibabu. Baba anayechukua akiba ya nyumba bila kumwambia mkewe, au mama anayekopa kwa siri, amekosa hata kama upasuaji ulifanikiwa kabisa; kosa halikuwa katika leza, lilikuwa katika siri. Bali mume na mke wakikaa pamoja, wakahesabu, wakaona kwamba ada ipo na mgonjwa hakuachwa, basi na watumie bila kujilaumu.

Tena tusisahau jirani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 hawaoni karibu kwa sababu ya umri, na hawana hata miwani inayowafaa. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2018, wachumaji wa chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, walipewa miwani ya bei nafuu, na uchumaji wao ukaongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao ambao walikuwa hawajapewa. Hatusemi kwamba kila anayekwenda kwa daktari wa leza amemwibia mchuma chai. Twasema tu kwamba mwenye uwezo wa kuviacha vioo vyake asimpite bibi kizee wa jirani anayeshindwa kuzichambua mawe mbegu zake kwa kukosa vioo hivyohivyo.

Kwa madaktari nao tuna neno. Anayekuja kwenu si mteja wa duka la nguo. Mwambieni kinachopatikana na kisichopatikana, mwambieni hasa habari ya miwani ya kusomea, na mwambieni waziwazi pale asipofaa. Tangazo linaloahidi kwamba hutavaa miwani tena maisha yako yote, likimfikia mtu wa miaka 48, ni uongo hata kama limeandikwa kwa herufi nzuri.

Ndugu wasomaji, majuto ni mjukuu. Kabla ya kwenda, pimwa na daktari asiyepata faida kwa jibu lako; uliza maswali mpaka uelewe; zungumza na mwenzi wako; jiulize mbele ya dhamiri yako ni nini hasa unachokitaka. Ukiyafanya hayo na ukaenda, umekwenda kama mtu mzima. Ukiyafanya hayo na ukabaki na miwani yako, hukupungukiwa na heshima hata kidogo. Babu zetu waliponyosha mkono ili wasome barua hawakuona haya, na watoto walioitwa kuwasomea walijifunza kwao mengi kuliko yale yaliyoandikwa.